Kinu cha Megawati 1,000 kwenye Gridi Inayoangushwa na 488: Kisa cha Nyuklia Kenya

Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro dakika nne asubuhi, laini ya kilovolti 220 inayotoka Loiyangalani ilijizima kwenye kituo cha Suswa. Wakati huo ilikuwa imebeba megawati 288 kutoka kwa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Punde si punde, laini kuu inayoleta umeme kutoka Ethiopia nayo ikakatika ikiwa na megawati 200. Kwa mujibu wa taarifa ya Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, siku hiyo gridi ilipoteza megawati 488 kwa mpigo, yaani asilimia 27.3 ya mahitaji ya nchi kwa saa ile. Sehemu kubwa ya Kenya ikakosa stima.

Mwaka huohuo, wakala wa serikali unaoshughulikia nyuklia, NuPEA, ulikuwa mbioni na mpango wa kinu cha megawati 1,000 huko Uyombo, kaunti ya Kilifi. Gharama ilitajwa kuwa takriban Sh500 bilioni. Ujenzi ungeanza 2027 na umeme utoke 2034.

Mambo haya mawili yalizungumzwa mwaka mzima kana kwamba hayajuani. La Suswa lilikuwa la mafundi na wateja wenye hasira. La Uyombo likawa la wanaharakati, wavuvi na polisi. Nimeamua kuyachambua pamoja kwa sababu naamini swali la nyuklia Kenya linajibiwa Suswa kabla ya kujibiwa popote pengine.

Nchi ambayo tayari ina umeme safi

Mjadala wa nyuklia Ulaya au Asia kwa kawaida ni wa nchi inayotaka kuachana na makaa ya mawe. Kenya haiko huko. Takriban uniti tisa kati ya kila kumi zinazozalishwa nchini hutokana na kawi jadidifu: mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kazi Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka 1981. Leo mitambo ya jotoardhi ina uwezo unaozidi megawati 900, na ndiyo inayotoa karibu asilimia 40 ya umeme wetu. Upepo una Ziwa Turkana yenye megawati 310, Kipeto ya Kajiado yenye 100, na vilima vya Ngong. Mto Tana unaendesha mabwawa ya Seven Forks kuanzia Masinga hadi Kiambere. Jua lina Garissa na mashamba mengine machache.

Hoja kuu ya watetezi wa nyuklia ni kwamba tunahitaji umeme usiotegemea mvua wala upepo, unaotoka usiku na mchana bila kuyumba. Ni hoja nzito, na anayekumbuka mgao wa stima wa 1999 na 2000, ukame ulipoyakausha mabwawa, hawezi kuipuuza. Lakini hiyo ndiyo kazi ambayo Olkaria imekuwa ikiifanya kwa miaka zaidi ya arobaini. Mvuke hausubiri masika. Na makadirio ya serikali yenyewe ni kwamba Bonde la Ufa linaweza kutoa hadi megawati 10,000 za jotoardhi. Hatujafika hata moja ya kumi.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalijui. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi, yanayokuja jioni watu wanapowasha taa, televisheni na jiko, yalipita megawati 2,300 mwaka 2025. Usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu ya hapo. Saa hizo wasimamizi wa gridi hulazimika kuziambia baadhi ya turbini za upepo zipunguze kasi, na mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha kitu. Mikataba ya aina ya "chukua au lipa" inamaanisha kwamba umeme wa upepo usiotumika bado unaweza kulipiwa, na anayelipa ni mwenye mita.

Jioni inakuwa kinyume chake. Rais William Ruto mwenyewe amekiri kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hukatiwa stima kwa sababu haitoshi. Kwa hiyo tuna ziada usiku na upungufu jioni, ndani ya siku ileile. Kinu cha nyuklia hupenda kufanya kazi kwa kiwango kimoja saa zote ishirini na nne, maana gharama yake karibu yote iko kwenye ujenzi na riba, si kwenye mafuta yake. Kingesaidia jioni, kweli. Lakini usiku wa manane kingekuwa na megawati 1,000 mkononi, nchi nzima inahitaji labda 1,200, huku Olkaria nayo ikiwa pale pale na mvuke wake. Nani angezimwa?

Makadirio yaliyotuleta hapa

Wazo hili halikuzuka juzi. Kamati ya kwanza ya serikali ya kuandaa nyuklia iliundwa mwishoni mwa 2010. Miezi michache baadaye, Machi 2011, ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima ikatokea Japani, lakini Nairobi haikurudi nyuma. Mwaka 2012 kamati ikawa bodi, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaifanya NuPEA.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu walipanga mtambo mkubwa kiasi hicho, soma makadirio ya miaka ile. Mpango wa kitaifa wa umeme wa 2011 ulitabiri kwamba kufikia mwanzo wa miaka ya 2030 mahitaji ya juu kabisa yangepita megawati 15,000. Kwenye gridi ya ukubwa huo, kinu cha megawati 1,000 ni cha kawaida kabisa. Ruwaza ya 2030 ilitarajia viwanda, miji mipya, reli za umeme. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee ikatangaza itaongeza megawati 5,000 katika miezi 40, na makaa ya mawe ya Lamu, megawati 1,050, yakazaliwa katika hesabu hizohizo.

Viwanda vile havikuja kwa kasi iliyotarajiwa. Tumesogea, nyumba nyingi zimeunganishwa, lakini nyumba yenye taa nne na simu ya kuchaji haili megawati. Mwaka 2025 tulipita 2,300, si 15,000. Makadirio yalirekebishwa kushuka mara kadhaa, ila ukubwa wa kinu kilichokusudiwa ukabaki ni uleule. Kwangu mimi hilo ndilo kosa la msingi katika kisa hiki chote, na ni kosa la hesabu kabla ya kuwa la siasa au mazingira.

Kwa nini ukubwa wa mtambo mmoja ni jambo la maisha

Umeme kwenye gridi hauhifadhiki hivi hivi. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumiwa, na mizani hiyo inaonekana kwenye masafa ya mkondo, ambayo Kenya ni mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukikatika ghafla, mizunguko inaanza kushuka. Mitambo iliyobaki hujaribu kukaza mwendo. Isipoweza, vifaa vya ulinzi huanza kukata wateja, wilaya baada ya wilaya, ili kuokoa kilichobaki. Hilo nalo lisipotosha, mitambo mingine hujizima yenyewe isiungue, na kila inayojizima huzidishia mzigo iliyobaki. Ni kama watu wanne waliobeba mgonjwa kitandani kwenye njia ya mlimani: mmoja akiteleza, watatu wanaweza kuhimili au wanaweza kuanguka wote, inategemea yule aliyeteleza alikuwa amebeba uzito kiasi gani.

Ndiyo maana wahandisi wana kanuni ambayo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limekuwa likiirudia kwa nchi zinazoanza safari hii: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi nzima. Uwezo wote wa mitambo ya Kenya ni karibu megawati 3,200. Asilimia 10 yake ni 320. Kinu cha 1,000 kingekuwa mara tatu ya kiwango hicho. Ili kukibeba kwa usalama tungehitaji gridi ya megawati 10,000, au tungelazimika kuweka mitambo mingine ya megawati 1,000 ikiwa macho saa zote, inanguruma bila kuuza umeme, ikingoja tu kinu kijizime. Gharama hiyo haimo ndani ya zile Sh500 bilioni.

Tumeona mara ngapi gridi yetu inavyoitikia pigo? Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukazima sehemu yake. Kampuni ya kusambaza umeme ikasema mitambo ya Ziwa Turkana ndiyo iliyojizima na kupoteza takriban megawati 270. Wenye mitambo wakajibu kwamba gridi ndiyo iliyopandisha volti kupita kiasi ikawalazimisha wajizime. Sitaamua ugomvi huo. Kwa hoja yangu inatosha kwamba kiasi kilichokuwa kikibishaniwa kilikuwa karibu robo ya kinu cha Uyombo. Novemba mwaka huo giza likarudi, Desemba likarudi tena, Mei 2024 pia, na Septemba ikawa ile niliyoanza nayo.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao sijausikia ukitajwa kwenye mikutano ya hadhara. Kinu cha nyuklia kinaitegemea gridi kama vile gridi inavyokitegemea. Ukikizima kinu, joto halikomi. Mabaki ya atomu zilizopasuka huendelea kutoa joto, na mara tu baada ya kuzimwa joto hilo ni karibu asilimia 6 au 7 ya lile la kawaida. Kwa kinu cha umeme wa megawati 1,000, ambacho ndani yake kuna joto la megawati 3,000 hivi, hiyo ni takriban megawati 200 za joto tupu zinazotafuta pa kwenda. Lazima maji yaendelee kusukumwa, na pampu zinaendeshwa kwa umeme unaotoka nje. Fukushima tetemeko lilikata laini za nje, kisha mawimbi ya tsunami yakazamisha jenereta za dizeli. Mtambo wenyewe ulikuwa umeshajizima sawasawa. Ulichokosa ni stima ya kupoza.

Kwa hiyo nchi iliyopoteza sehemu kubwa ya gridi mara kadhaa ndani ya miezi kumi na miwili ina kazi ya kufanya kabla ya kuuliza kinu kitawekwa ufuo gani. IAEA ina orodha ya mambo 19 ambayo nchi inapaswa kuyaandaa, na gridi ya umeme ni mojawapo, sawa na sheria, wataalamu, na taka. Wataalamu wa shirika hilo walikuja Kenya mwaka 2015 kukagua maandalizi, kwa hiyo hakuna mtu serikalini anayeweza kusema hakuambiwa.

Uyombo, na kilichotokea kabla yake

Uyombo ni kijiji cha wavuvi. Kiko karibu na Mida Creek yenye mikoko yake, hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968, na msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kuliko yote uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Kobe wa baharini hutaga mayai kwenye fukwe za eneo hilo. Kinu kinachopozwa kwa maji ya bahari huyarudisha yakiwa na joto zaidi, na matumbawe hayavumilii joto. Mvuvi wa ngalawa haulizi ripoti ya kurasa mia tatu inasema nini. Anauliza samaki watakuwepo au hawatakuwepo, na je, ataruhusiwa kusogea karibu na ule ufuo. Ni maswali ya haki na yanastahili jibu la maandishi, kwa Kiswahili na Kigiriama, kabla ya alama za mpaka kuchorwa.

Mei 2024 wakazi waliandamana kuupinga mradi, na polisi wakawatawanya kwa nguvu, watu waliumia. Mashirika ya kutetea mazingira, likiwemo lile la Phyllis Omido aliyepata tuzo ya Goldman 2015 kwa kupigania haki za wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya madini ya risasi, yalisimama nao.

Pwani hii ilikuwa imeshafundisha somo hilo. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42 na cha 69, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na kuitaka serikali iwashirikishe watu katika kuyatunza. Waliopanga Uyombo waliijua hukumu hiyo. Inanisikitisha kwamba miaka mitano baadaye ilibidi wananchi waingie barabarani ili wasikilizwe.

Ila nisiwe mwepesi wa kuyatakasa mambo ya upepo na mvuke. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana huko Marsabit zilitolewa kinyume cha utaratibu, na jamii za wafugaji hazikushirikishwa. Jamii za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria, na malalamiko yao yalifika hadi kwa wafadhili wa kimataifa. Na ule mradi wa Turkana una kisa kingine kinachogusa hoja yangu moja kwa moja. Turbini zake 365 zilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme Suswa haikuwa tayari, maana mkandarasi wake wa Uhispania alifilisika. Upepo ulivuma bure hadi Septemba 2018, na serikali ikajikuta inadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Hilo lilikuwa shamba la upepo la megawati 310. Fikiria kinu kilichokopewa Sh500 bilioni, kikubwa kwa gharama kuliko reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi iliyokula Sh327 bilioni, kikingoja laini.

Siaya, na kinachoweza kufanyika

Mwaka 2025 macho yalihama kutoka bahari kwenda Ziwa Victoria. Viongozi wa Nyanza wakaupokea mradi kwa mikono miwili, na fukwe za Siaya, hasa upande wa Rarieda, zikatajwa kuwa makao mapya. Siasa imekuwa nyepesi zaidi huko. Uhandisi haujabadilika. Magharibi mwa nchi ndiko laini zinakolemewa jioni, na kinu kingehitaji njia mpya kubwa za kuutoa umeme. Tena ziwa ni la nchi tatu. Maji yake yanapita Jinja kuelekea Mto Nile, na wavuvi wa omena wa Uganda na Tanzania wana haki ya kujua sawa na wa Bondo.

Sipingi nyuklia. Falme za Kiarabu, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi, zilianza kujenga kituo cha nyuklia cha Barakah 2012, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi 2020, na sasa vinu vinne vinatoa karibu robo ya umeme wa nchi hiyo sambamba na mashamba makubwa ya jua. Afrika Kusini imeendesha Koeberg tangu 1984. Lakini nchi zote mbili ziliviweka vinu hivyo kwenye gridi za makumi ya maelfu ya megawati. Huo ndio mchanganyiko wa nyuklia na jadidifu unaofanya kazi: gridi pana kwanza.

Vinu vidogo, vya megawati 70 hadi 300, vingetosha ndani ya ile asilimia 10 yetu. Tatizo ni kwamba bado ni vichache mno duniani, na mradi uliotangazwa sana wa mashirika ya umeme ya Utah nchini Marekani, uliokusudiwa kujengwa Idaho, ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei yake kupanda. Sioni aibu yoyote kwa Kenya kusubiri wengine walipie masomo hayo.

Wakati tunasubiri, kuna kazi. Kuhifadhi umeme wa usiku kwa betri au kwa kupandisha maji kwenye mabwawa kungeokoa mvuke unaopotea Olkaria na kuuleta jioni unakohitajika. Kuwapa viwanda bei ya chini usiku tulianza 2017, na kunaweza kupanuliwa. Laini ya pili ya Suswa ingepunguza hatari ya kituo kimoja kuangusha kila kitu. Laini ya kilovolti 400 ya Isinya hadi Singida, iliyowashwa Desemba 2024, imetuunganisha na Tanzania, ambako bwawa la Julius Nyerere pekee lina megawati 2,115. Kadiri gridi za Afrika Mashariki zinavyokuwa moja, ndivyo ile asilimia 10 inavyoongezeka, na siku moja kinu cha megawati 1,000 kitaingia bila kutetemesha mtu.

Siku hiyo haitakuwa 2034 kwa hesabu zilizopo. NuPEA ikitaka kunithibitishia vinginevyo, kabla ya kwenda Siaya na ramani ichapishe uchunguzi mmoja: gridi ya Kenya itakuwaje dakika ya kwanza, ya tano na ya thelathini baada ya kinu hicho kujizima saa nane usiku, na pampu za kukipoza zitapata stima kutoka wapi.